Salamu Kwanza, Picha Baadaye



Tulipokutana mwezi Oktoba kuchagua picha 12 za maonyesho ya klabu, tulikuwa nazo 2,140. Sisi sita tulioupanda Kilimanjaro mwezi Agosti tulizikusanya zote kwenye kompyuta moja, tukachemsha chai, tukaanza kuchuja. Tulidhani kazi ngumu itakuwa kuamua ipi ni nzuri kuliko nyingine: machweo ya Shira, Mawenzi ikichomoza juu ya mawingu, au barafu ya kileleni iliyogeuka rangi ya chungwa kwa jua la asubuhi.

Mwalimu wetu mmoja alikuwa amekaa nyuma, kimya. Ilipofika picha ya Ukuta wa Barranco, ambayo sote tuliipenda, aliweka kikombe chini akauliza, "Huyu ni nani?"

Tukatazama. Pembeni mwa picha kuna mtu amejitwika mzigo kichwani, anapanda mwamba kana kwamba anapanda ngazi za nyumbani kwake. Tulimwingiza pale kwa makusudi. Wapiga picha wote hufundishana kwamba mlima usio na mtu hauna kipimo: weka mtu mdogo chini yake, na ukubwa wake utaonekana. Basi sisi tulimtumia yule bwana kama rula. Tulikuwa tumetembea naye siku saba, na katika sisi sita hakuna aliyejua jina lake.

Usiku ule tulimtumia picha ile kiongozi wetu wa safari, aliyeko Moshi. Jibu lilikuja asubuhi. Alitupa jina, akaeleza kwamba yule ndiye aliyetubebea maji kutoka Karanga hadi Barafu, kisha akaongeza swali: "Kwa nini hamkumwuliza mwenyewe? Kiswahili si mnacho?"

Makala hii ni jaribio letu la kulijibu swali hilo, na ni ombi kwa klabu kabla kundi lingine halijaondoka. Maoni yetu ni haya: mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda mlimani hana sababu ya kupiga picha kama mtu asiye na lugha. Salamu itangulie, picha ifuate. Na picha isiyoweza kutanguliwa na salamu, tuifikirie mara mbili.

Tuanze na hesabu zetu, maana aibu isiyohesabiwa husahaulika upesi. Sisi sita tulisindikizwa na watu 22: viongozi, mpishi na wasaidizi wake, na wapagazi. Kanuni za hifadhi zinaweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na mizigo hupimwa getini. Tuliiona mizani, tukaipiga picha pia. Mahema, mitungi ya gesi, viti, sufuria, mayai, matikiti maji, vyote vilipanda vichwani na migongoni mwa watu. Karanga ndipo mahali pa mwisho penye maji katika njia ya Machame. Kambi ya Barafu, iliyo kwenye mita zipatazo 4,670, haina hata tone, licha ya jina lake. Kwa hiyo kila kikombe cha chai tulichokunywa pale, na kila chupa tuliyoijaza kwa safari ya usiku, kuna mtu alikipandisha. Katika picha zetu 2,140, wapagazi wanaonekana katika 311. Katika hizo, wanaoonekana uso ni 40 tu, na walioulizwa kwanza ni tisa.

Mtasema tulichoka, na ni kweli. Lakini hatukuchoka siku ya kwanza. Siku ya kwanza tulikuwa msituni, kwenye njia pana, mbega wakiruka juu yetu, pumzi bado tunazo. Pale pangekuwa mahali pazuri pa kusema, "Shikamoo," au "Habari za nyumbani, kaka?" Badala yake tulikuwa tunabishana kuhusu lenzi. Wapagazi wakapita mbio ili wakatusimamishie mahema, nasi tukawapisha, tukapiga migongo yao. Jioni tulipofika kambini tulikuta maji ya moto ya kunawa yametangulia. Tukasema "asante sana" kwa pamoja, kama darasani, tukaingia mahemani kuangalia picha zetu.

Hapo pana jambo linalotuhusu sisi kuliko wageni wengine. Mgeni asiyejua Kiswahili ana udhuru. Sisi tumekaa miaka miwili, wengine mitatu, tukijifunza ngeli, methali na adabu ya salamu. Wengine kati yetu wamezaliwa na wazazi wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, na lugha hii wameinyonya nyumbani. Tulifanya mazoezi ya miguu Ben Nevis, mita 1,345, mvua ikitupiga usoni. Mazoezi ya ulimi hatukuyafanya, tukijiona tunayo tayari. Tulipofika palipo na watu 22 wanaozungumza Kiswahili kutoka asubuhi hadi usiku, tukajificha nyuma ya kamera.

Mlima huu una historia ya watu wa namna hiyo. Mwezi Mei mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kutoka pwani kuelekea Uchagga, aliona weupe juu ya mlima akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake ule weupe ni nini. Kiongozi akamjibu neno moja: baridi. Kwa jibu hilo, na kwa macho yake, Rebmann akatambua kwamba ni theluji. Habari yake ilipochapishwa London mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alikataa kabisa: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mabishano yakaendelea kwa miaka.

Rebmann hakuwa na kamera ya kumwonyesha Cooley. Alichokuwa nacho ni neno la Kiswahili kutoka kwa mtu aliyeujua mlima, na neno lile lilikuwa kweli. Leo mambo yamegeuka. Ushahidi wa theluji tunao hadi simu zinajaa, ila maneno ya watu wa mlimani hatukurudi nayo. Tazama pia majina. Karibu na Stella Point, kwenye ukingo wa Kibo, kuna barafu inayoitwa Rebmann. Nyingine inaitwa Furtwängler, kwa Mjerumani aliyefika huko mwaka 1912. Ukisoma ramani ya barafu za Kibo utakuta Decken, Kersten, Heim na Ratzel. Aliyesema "baridi" hana barafu yake. Hatuwezi kuandika upya ramani, lakini maelezo ya chini ya picha zetu tunayaandika sisi wenyewe. Tukiacha jina la mpagazi tupu, hatuna wa kumlaumu wa zamani.

Sasa tuseme jambo la pili, ambalo ni zito zaidi kwa sababu lingeweza kutugharimu mtu.

Mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu kulieleza hili bila jina lake, alianza kuumwa kichwa tangu tulipopita Lava Tower, mita zipatazo 4,600. Akanyamaza. Alikuwa amepanga picha moja kwa miezi mitano: jua likichomoza nyuma ya Mawenzi, yeye akiwa Stella Point, kamera juu ya kigoda. Alijua kwamba akisema anaumwa, picha hiyo ingeponyoka. Kila jioni kiongozi alipita hema kwa hema akiuliza, "Mambo vipi?" Naye akajibu, "Poa." Akaulizwa, "Hujambo?" Akajibu, "Sijambo." Majibu sahihi kabisa, na mwalimu yeyote angempa alama zote.

Tunaifahamu tabia hii ya lugha yetu. Salamu ya Kiswahili ina jibu lake lililokwisha pangwa. Mtu anaweza kuwa amefiwa, na bado ataanza na "salama" kabla ya kueleza msiba. Ni adabu, na ni nzuri. Lakini kiongozi mzoefu anaijua adabu hiyo kuliko sisi, ndiyo maana usiku wa Barafu hakuishia kwenye salamu. Alikaa chini mbele ya mwenzetu, akauliza tena taratibu: "Umekula nini? Kiasi gani kilibaki kwenye sahani? Ulilala saa ngapi? Kichwa kinauma mbele au nyuma? Simama, utembee hapa, mguu mbele ya mguu." Mwenzetu akasimama, akapepesuka.

Kileleni, mita 5,895, kila pumzi ina oksijeni karibu nusu tu ya ile ya pwani. Mwili unahitaji siku za kuzoea, na wakati mwingine unakataa. Kichwa kuuma na kichefuchefu ni dalili za mwanzo. Mtu akianza kupepesuka au kuchanganyikiwa, au akipumua kwa shida hata akiwa amekaa, basi ubongo au mapafu huenda vinajaa maji, na dawa ya kwanza ni kushuka, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kiongozi hakujadiliana. Msaidizi wake mmoja alimchukua mwenzetu wakashuka kwa tochi. Mwenzetu alilia, na anakiri kwamba hakulilia uhai wake. Alililia ile picha. Walipofika chini, kichwa kilikuwa kimeanza kupoa, na kufikia jioni alikula ugali.

Sisi watano tuliofika juu hatuna la kujisifu. Njiani, kwenye giza na nyuzi kadhaa chini ya sifuri, mmoja wetu alivua glavu mara nne kubadilisha betri, hadi vidole vikafa ganzi. Mwingine alisimamisha msafara mzima ili apige nyota, watu wakaanza kutetemeka. Kileleni tulipanga foleni mbele ya ubao, tukapiga picha ya bendera ya klabu, ile mnayoijua. Katika picha hiyo tunatabasamu. Hakuna anayeweza kuona kwamba wakati ule hatukujua mwenzetu yuko katika hali gani.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa, kwa sababu sisi wenyewe tulizitoa kwanza.

La kwanza: picha zina faida, msizitukane. Kweli. Hatusemi kamera ibaki nyumbani. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na ukubwa wa karibu kilomita za mraba 12, na tangu wakati huo zaidi ya asilimia 80 imetoweka. Picha za zamani zikilinganishwa na za leo kutoka pale pale zinaonyesha mabadiliko hayo kwa namna ambayo hata asiyesoma takwimu ataelewa. Lakini ili picha ifanye kazi hiyo, inahitaji maneno: tarehe, mahali uliposimama, na upande uliotazama. Tulipozichunguza picha zetu za barafu, 180 na zaidi, tulizoweza kueleza zilipigiwa wapi hasa ni 26. Nyingine ni uzuri mtupu. Zinafaa kwa kalenda. Mwanafunzi atakayekuja miaka 20 ijayo, kutafuta barafu ilifika wapi, hazitamsaidia kitu. Kwa hiyo hata anayependa mandhari peke yake, bila watu, bado anahitaji kalamu.

La pili: kuwapiga picha wapagazi ni kuwageuza maonyesho ya umaskini, afadhali tuwaache. Hili tulilichukulia kwa uzito, kwa sababu limesemwa na watu tunaowaheshimu. Ni kweli kwamba picha ya mtu aliyeinama chini ya mzigo, bila jina, ikibandikwa ukutani huku Uingereza, inamfanya awe mfano wa dhiki. Lakini kumwondoa kabisa si kumheshimu. Picha ya mlima mtupu, wakati nyuma ya mpiga picha wamesimama watu 22, inadanganya kwa njia nyingine: inasema tulifika wenyewe. Kati ya kumtumia mtu na kumfuta kuna njia ya tatu, ambayo ni kumwuliza. Huenda atakataa. Huenda atasema, "Subiri niweke mzigo chini." Wale tisa tuliowauliza, saba walisema hivyo hivyo. Waliweka mzigo chini, wakajifuta uso, wakasimama wima. Hizo ndizo picha ambazo hatukuzipa nafasi kwenye orodha ya kwanza, kwa sababu, kwa maneno yetu wenyewe ya Oktoba, "zimekaa kama za pasipoti." Tumezitazama tena. Ni watu waliochagua jinsi ya kuonekana.

La tatu: wapagazi wana haraka, hawana muda wa mazungumzo yenu. Kweli pia, na mtu mwenye kilo 20 kichwani asisimamishwe kwenye mteremko ili atufundishe msamiati. Lakini siku ya mlimani ina saa nyingi za kambini. Kuna jioni, kuna asubuhi kabla mahema hayajang'olewa, kuna hema la jiko ambalo lina joto kuliko hema letu. Mwenzetu aliyeshushwa alikaa na yule msaidizi na wapagazi wawili karibu siku nzima. Alirudi na picha sita tu. Lakini alirudi na habari: ni mwezi gani kazi hukauka, viatu vya kupandia hununuliwa wapi kwa bei nafuu, nani anasomesha watoto wangapi, na kwamba mawingu yakipanda mapema kuliko kawaida wenyeji hubadilisha saa ya kuondoka. Alituambia kwamba Kiswahili chake kilikua siku ile kuliko muhula mzima. Sisi watano wa kileleni tuliona wivu, ingawa hatukukiri upesi.

Basi, wanachama, tunaomba mambo matatu yaingizwe katika utaratibu wa klabu kabla ya safari ijayo, iwe Kilimanjaro, iwe Mlima Kenya, iwe Rwenzori.

Kwanza, picha yoyote ya mlimani itakayoingia katika maonyesho au gazeti hili iwe na maelezo ya Kiswahili: mahali, mwinuko, tarehe, upande iliotazama, na, kama kuna mtu anayetambulika, jina lake kwa idhini yake. Asiyetoa idhini, picha yake isitumike. Ambaye hatukumwuliza, tumtafute. Hata katika makala hii hatukutaja majina, kwa sababu ruhusa tuliyoomba ilikuwa ya ukutani, haikuwa ya gazeti.

Pili, kila tuliyempiga apate picha yake. Wengi wana simu, na kutuma ni kazi ya dakika moja. Tumegundua kwamba ahadi ya "nitakutumia" ni maarufu mlimani, na kwamba wachache huitimiza. Klabu iteue mtu mmoja katika kila kundi wa kushika orodha ya namba na kuhakikisha zimetumwa kabla hatujafungua mizigo nyumbani.

Tatu, usiku wa kilele kamera isiwe na sauti. Betri zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, ambako hazitakufa kwa baridi. Kamera itoke jua likishachomoza na kiongozi akisema tusimame. Na akituuliza hali, tumjibu hali. "Poa" na "sijambo" zitumike kambini wakati wa chai. Anapouliza kuhusu kichwa, tumbo na usingizi, aelezwe kichwa, tumbo na usingizi. Tunapendekeza walimu wetu watusaidie kwa kipindi kimoja cha darasa juu ya msamiati huu: kupepesuka, kichefuchefu, kizunguzungu, ganzi, kubanwa na kifua. Maneno haya tulikuwa tunayajua kwenye mtihani. Mlimani hatukuyatamka.

Kuhusu picha ya Ukuta wa Barranco, tulimwandikia mwenyewe, kwa namba aliyotupa kiongozi. Tuliomba radhi kwanza, kisha tukaomba ruhusa. Alikaa siku tatu bila kujibu, nasi tukaiondoa picha kwenye orodha. Siku ya nne akajibu kwa salamu ndefu, akatuulizia hali ya mwenzetu aliyeshushwa, akakubali kwa sharti moja: kando yake tubandike picha nyingine, aliyoituma yeye. Amesimama nyumbani kwake mbele ya migomba, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, binti yake ameshika mkono wake. Mlima hauonekani kabisa. Anasema siku hiyo kulikuwa na mawingu.

Zitakuwa mbili, kwa ukubwa ule ule, upande wa kushoto mara mtu aingiapo. Tumetoa moja ya barafu ili kupata nafasi.